Mjukuu ananidai maisha yangu, nami nimekwama ukurasa wa kwanza

BARUA

Shangazi, salaam.

Nakuita Shangazi kama wakuitavyo wasomaji wenzangu, ingawa kwa umri huenda mimi ndiye wa kuamkiwa. Ni mstaafu wa reli, naishi Tabora. Sina ugomvi wa ndoa wala wa kiwanja. Kinachonikosesha usingizi ni daftari.

Mjukuu wangu wa kike anayesoma kidato cha tatu Dar es Salaam alikuja likizo ya Desemba. Siku anaondoka alinikabidhi kauntabuku mpya, na juu ya jalada alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: BABU, ANDIKA TUSIYOYAJUA. Akaniambia ataichukua likizo ya Juni. Nikacheka, nikamwambia maisha yangu ni ya stesheni tu, treni imekuja, treni imeondoka. Akanijibu kwamba hata hayo hawayajui.

Alipoondoka nikakaa na kalamu. Nikaandika: "Nilizaliwa tarehe 1 Julai 1957." Nikaitazama ile sentensi. Si kweli. Nikafunga daftari, na mpaka leo lina mstari huo mmoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Marehemu mama alizoea kusema kwamba Uhuru ulipokuja nilikuwa bado nanyonya, na kwamba siku ile alinibeba mgongoni kwenda kutazama ngoma. Uhuru ni Desemba 1961. Mtoto wa miaka minne na nusu hanyonyi wala habebwi. Nilipopelekwa shule mwalimu hakuuliza cheti. Alitupanga mstari, kila mtoto akaambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi ashike sikio la kushoto. Wangu haukufika. Nikarudishwa nyumbani kuchunga ng'ombe mwaka mzima, na mwaka uliofuata, ambao ni 1968, nililigusa sikio kwa ncha za vidole nikaingia darasa la kwanza.

Sasa hiyo 1957 imetoka wapi? Mwaka 1977 baba mdogo, aliyekuwa kwenye genge la reli, alinitafutia kibarua. Walitaka aliyetimiza miaka kumi na minane. Baba mdogo akamtajia karani 1957, karani akajaza Julai mosi kwa sababu ndiyo aliyowajazia wote wasioijua siku yao. Nimeajiriwa nayo, nimeoa nayo, nimestaafu nayo mwaka 2017. Kila Julai mosi wanangu wananitumia pesa ya keki, na sasa wanachangishana kwa ajili ya sherehe ya miaka sabini mwaka 2027. Nimekaa kimya.

La pili. Nyumbani kwetu ni mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1974 tulihamishwa katika Operesheni Vijiji, mimi nikiwa darasa la saba. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba baba alisimama na fimbo yake bila kusema neno, mgambo wakaezua paa, kisha moto ukawashwa. Mdogo wangu wa kike, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kama kumi, anashikilia kuwa aliyechoma nyumba ni baba mwenyewe, kwa kibiriti alichokiomba kwa jirani. Mwaka juzi tuligombania jambo hili msibani mbele za watu, mpaka shemeji akatutenganisha kama watoto. Nikiandika ya kwangu, atasema namtukana. Nikiandika ya kwake, nitakuwa namsingizia baba.

La tatu ndilo zito. Mwaka 1988 nilikuwa stesheni ndogo porini, kati ya Itigi na Tabora, mahali ambapo hata maji tulikuwa tunaletewa na treni. Mama watoto aliondoka. Aliniacha na watoto wawili, wa kwanza ana miaka sita, wa pili mitatu. Tuliwaambia amekwenda kumuuguza bibi yao. Mwaka uliofuata alirudi, akashuka na ndoo na kifurushi chake, akapita moja kwa moja jikoni akaanza kupepeta mchele. Sikumuuliza, naye hakusema. Baada ya hapo tulizaa wengine wawili, tukazeeka pamoja, na sasa ametangulia. Wanangu wanamheshimu mama yao kuliko mtu yeyote, na hawana habari.

Yaliyobaki ni madogo madogo ambayo sidhani yanajaza daftari. Nyumbani waliniita Shija, jina la ubatizo ndilo wajukuu wanalolijua. Nilikuwa naendesha kiberenge, kile kigari kidogo cha wafanyakazi wa njia ya reli. Wakati wa vita ya Amin treni za wanajeshi zilipita stesheni kwetu kwenda Mwanza, nao walikuwa wakitupa barua madirishani, nyingine hazina stempu, tukaziokota na kuzipeleka posta. Niliwahi kulala juu ya behewa la mahindi toka Itigi mpaka Tabora. Mambo ya kawaida tu.

Shangazi, nianzie wapi? Niandike tarehe ipi? Na lile la mke wangu, niliandike au nife nalo?

Babu wa Kauntabuku, Tabora


JIBU

Shikamoo babu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara najikuta nimesimama pale unaposema "mambo ya kawaida tu". Babu, wanajeshi wanakwenda vitani, wanatupa barua zisizo na stempu kupitia madirisha ya treni, vijana wa stesheni wanaziokota na kuzipeleka posta, nawe umelipa jambo hilo sentensi moja, kati ya kiberenge na behewa la mahindi! Mjukuu wako anafundishwa darasani kwamba majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kwamba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba, na kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Atayajibu hayo kwenye mtihani na atapata maksi zake. Lakini kitabu chake hakimwambii nani alinunua stempu.

Basi anza hapo. Achana na "nilizaliwa". Kuzaliwa kwako hukukuona, unakujua kwa kuambiwa, ndiyo maana sentensi ya kwanza ilikukwamisha. Watafiti wa kumbukumbu wamelikuta jambo moja katika nchi nyingi: mtu mzima akiombwa ataje yaliyompata maishani, sehemu kubwa ya anayoyataja inatoka umri wa miaka kumi hadi thelathini hivi. Kwako wewe hapo katikati pamo operesheni, kibarua cha kwanza, vita, ndoa, na stesheni ya porini. Humo hutaishiwa maneno. Ukurasa wa kwanza uwe wa zile treni. Zilipita usiku au mchana? Mlijuaje kwamba inayokuja ni ya wanajeshi? Barua zilikuwa ndani ya bahasha au karatasi iliyokunjwa? Mlizisoma anwani? Kuna mkoa au kijiji ulichokiona juu ya bahasha ambacho bado hakijakutoka? Na stempu, babu, mlichanga nyinyi kwa nyinyi, au stesheni masta alizitoa mfukoni mwake? Ukijibu haya tu una kurasa nne.

Tena andika kazi yenyewe, maana wajukuu wa leo wanapanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na hawajui kwamba kulikuwa na kijana aliyesimama gizani na taa ya mkono, kioo cha kijani upande huu na chekundu upande ule, dereva akiitazama hiyo taa tu. Eleza kiberenge kilivyoendeshwa, mlivyojua kwamba njia iko wazi msije mkakutana na treni, na mlifanya nini mkiisikia. Eleza taruma bovu, kile kipande kinacholazwa chini ya reli, linavyojulikana. Eleza maji ya treni yalivyogawanywa, ndoo ngapi kwa kila kota, na nani aligombana na nani. Nakuomba usiyapambe. Ukijikuta umeandika "maisha yalikuwa magumu", kata, andika bei ya sukari.

Nikuulize na hili, ukiona vema ulijibu kwenye daftari na si kwangu. Tarehe 24 Juni 2002, ile ajali ya treni ya Igandu iliyoua watu 281, ulikuwa kazini bado, miaka ishirini na tano tangu uajiriwe. Hukuitaja. Mtu wa reli ya kati asiyeitaja Igandu, mara nyingi ni kwa sababu anayo ya kusema. Usilazimishe. Acha kurasa mbili tupu, endelea mbele, utazirudia siku mkono ukiwa tayari.

Sasa tarehe ya kuzaliwa. Wewe unaiona kama aibu, mimi naiona kama sura nzuri kuliko zote. Waandikie zote mbili. Andika kwamba makaratasi yanasema Julai mosi 1957, na ueleze nani aliyajaza na kwa nini. Kisha andika ushahidi wa pili: bado ulikuwa unanyonya Desemba 1961, na mkono wako ulilifikia sikio mwaka 1968. Mtoto hufikia sikio la upande wa pili akiwa na miaka sita au saba hivi, wengine wakachelewa kidogo, na kipimo hicho kilitumika shule nyingi za Afrika Mashariki kwa kuwa watoto wengi walizaliwa nyumbani wala hawakuandikishwa popote. Ukiviweka pamoja hivyo viwili, ulizaliwa karibu na mwaka 1960, labda mwishoni mwa 1959. Siku yenyewe haipatikani, na hakuna haja ya kuibuni. Kama ulibatizwa mtoto, kitabu cha ubatizo cha parokia kinaweza kukusogeza karibu zaidi, kwa sababu mapadri waliandika, na vitabu vingi bado vipo. Kama ulibatizwa ukubwani hakitakusaidia kwa hili, ila kitakuonyesha msimamizi wako alikuwa nani, nalo si haba.

Hata hivyo daftari la mjukuu si hati ya kiapo. Umeajiriwa, umestaafu na unalipwa kwa tarehe ile ya karani. Usiende ofisi yoyote kuanza kubadilisha makaratasi kwa sababu tu umeandika ukweli nyumbani. Ukitaka kugusa hati zako, muone wakili kwanza. Na mwambie binti huyo, ambaye bila shaka ana simu, kwamba kurasa hizi hazipigwi picha zikarushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Umeshapiga hesabu lakini kwamba baba mdogo alipokupatia kazi mapema alikutoa kazini mapema pia? Umri wa lazima wa kustaafu ni miaka 60. Mwaka 2017 mwili wako ulikuwa na 57 hivi. Ile miaka mitatu uliipata mwanzo, ukailipa mwisho. Sijui ulionaje siku ya kukabidhi funguo ukiwa na nguvu zako, lakini ningekuwa mjukuu wako ningependa kuisoma siku hiyo.

Kuhusu sherehe ya 2027, waambie wanao. Waache wafanye sherehe yao Julai hiyohiyo, wapike, wacheze, na siku hiyo usimame uwasimulie habari ya mkono na sikio. Watacheka, na watoto wote waliopo watajaribu hapohapo. Keki zote walizokwisha kukutumia ni halali yako.

Nije kwa baba yako na ule moto.

Kwanza nikuondolee wasiwasi mmoja. Watu wawili waliosimama mahali pamoja siku moja kukumbuka tofauti hakumfanyi mmoja wao mwongo. Kumbukumbu haikai kichwani kama picha kwenye fremu. Kila tunapoisimulia tunaijenga upya, na tunapoijenga tunachanganya tulichokiona, tulichoambiwa baadaye, na tulichokihofia. Wewe ulikuwa kijana wa darasa la saba unayetazama heshima ya baba yako. Yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi, mkononi pengine ana kuku au mtoto mwingine. Macho hayakuwa yanatafuta kitu kimoja.

Halafu kuna swali ambalo sidhani mlijiuliza pale msibani: ni nyumba ipi? Kaya ya Kisukuma si nyumba moja. Kuna ya baba, ya mama, ya wavulana, jiko, ghala la mtama, zizi, na kuzunguka yote hayo ua wa minyaa. Inawezekana kabisa mgambo waliezua nyumba kubwa mbele yako, na baba akachoma nyingine kwa mkono wake upande wa pili, alipo mdogo wako. Wapo wazee waliochoma wenyewe kwa sababu hawakutaka mkono wa mtu mwingine uguse nyumba waliyoijenga. Wapo waliochomewa. Kuna sehemu kulichomwa ili watu wasirudi. Tangu Novemba 1973, Mwalimu alipotangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, viongozi wa mikoa walishindana kumaliza kazi, na kufikia 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 walioko vijijini. Shughuli ya ukubwa huo, iliyofanywa kwa haraka hiyo, haikufanyika namna moja hata ndani ya kata moja. Wewe na mdogo wako mnaweza kuwa sahihi wote, au mkawa mmekosea wote kidogo.

Kwa hiyo usichague. Andika yako, kisha acha kurasa zilizo sawa na hizo kwa ajili yake. Lakini asisome yako kwanza, maana akiisoma hatakumbuka tena, atakujibu. Mjukuu amrekodi kwa simu, amuulize maswali mepesi: kulikuwa asubuhi au jioni, mama alikuwa anafanya nini, mlibeba nini kwanza, ng'ombe walikuwa wapi, mlilala wapi usiku ule. Swali la nani alichoma lije mwisho, au lisije kabisa. Nakuahidi katika majibu hayo kutatoka jambo ambalo wewe hukulijua na wala halihusu moto.

Na kama miguu inaruhusu, nendeni kwenye mahame. Hapo Tabora ulipo treni ya Mwanza inakufikisha Shinyanga. Mchukueni binti likizo ya Juni, mmpitie na mdogo wako. Nyumba hazipo, lakini minyaa haifi upesi, na mara nyingi mtu akifika anaona mstari wa ua wa zamani, mwembe uliopandwa na babu, na jiwe la kusagia lililoachwa kwa kuwa halikubebeka. Mkifika msianze kubishana. Kila mmoja asimame pale anapokumbuka alisimama. Nadhani mtajikuta hamkusimama pamoja.

Sasa ruhusa nikuulize kitu ambacho hukuniuliza. Umesema nyumbani walikuita Shija, ukapita kama mtu anayepita dirishani. Kwa Wasukuma mtoto hapewi jina hilo hivihivi. Mbele yake walitangulia mapacha, Kulwa na Doto. Wako wapi? Wajukuu zako wa Dar es Salaam hawawezi kuuliza kwa sababu jina lenyewe hawalijui. Huenda walikufa wachanga kabla hujazaliwa na mama hakupenda kuwataja. Huenda mmoja alikua. Vyovyote iwavyo, hao ni ndugu zako, na leo duniani wanaowajua huenda ni wewe na mdogo wako tu. Hata kama unachokijua ni mistari mitatu, mistari hiyo mitatu iandikwe. Mdogo wako naye aulizwe, maana mara nyingi mama humwambia binti mambo ambayo hakumwambia mwana.

Nimelichelewesha la mama watoto kwa makusudi.

Babu, mengine yote uliyoyataja ni yako au ya waliokwisha kuzoea kusimuliwa. Hili ni la watu wawili, na mmoja hawezi tena kusema upande wake. Ushauri wangu ni kwamba usiliandike kwenye daftari hilo, angalau bado. Daftari umepewa na msichana wa kidato cha tatu. Si haki yeye ndiye awe wa kwanza kujua, halafu abebe mzigo wa kuamua amwambie mama yake au anyamaze. Na si haki wanao walisome kwenye kauntabuku.

Lakini sikuambii ufe nalo. Unasema hawana habari. Mwanao wa kwanza alikuwa na miaka sita. Watu wengi hawakumbuki kitu cha kabla ya miaka mitatu au minne, kwa hiyo yule wa pili naweza kukubali hana habari. Mtoto wa miaka sita anayeishi kota mbili tatu porini, ambako kila treni inayosimama ni tukio, anajua mama yake aliondoka na treni gani. Anajua nani alimsuka nywele mwaka ule, nani alipika, na kwamba bibi aliyekuwa anauguzwa hakuwahi kutajwa tena. Mimi nadhani anajua, tena amekutunzia siri hiyo miaka yote, kama wewe unavyodhani unamtunzia yeye.

Kaeni wawili, wewe na yeye, bila daftari wala simu. Usianze kwa kumwambia. Muulize: "Unakumbuka nini cha ule mwaka mama hakuwepo?" Kisha nyamaza. Kama hana kitu, utaona usoni, na hapo utaamua kama unaendelea. Kama anacho, msikilize mpaka mwisho kabla ya kumsahihisha. Baada ya hapo yeye ndiye atakayejua kama wadogo zake waambiwe, na kwa njia gani. Ni mtu mzima, ana haki ya kushauriwa juu ya mama yake.

Siku watakapokubaliana kwamba liandikwe, andika ulichokiona tu. Treni aliyoondoka nayo, mwaka ule ulivyowalea watoto wawili ukiwa zamu ya usiku (hilo peke yake ni sura nzima, na wanaume wa kizazi chako hawaliandiki), siku aliyorudi, ndoo, kifurushi, mchele. Sababu usiiandike, kwa kuwa huijui. Usijaze pengo kwa kubahatisha, kwamba labda ni upweke, labda ni maji, labda ni maneno ya mtu. Andika kwamba hukumuuliza, naye hakusema, mkaendelea. Watu watakaosoma wana ndoa zao, watajua la kufanya na habari hiyo.

Inawezekana yupo dada yake au shoga yake anayejua alikokuwa. Ukitaka kujua kwa ajili ya moyo wako, nenda kamuulize, una haki hiyo. Usiende kwa ajili ya daftari.

Mambo mawili ya mwisho, ya mikono. Mkiwa na picha za zamani, ziandike majina nyuma kwa penseli laini, wino hupenya ukaharibu upande wa mbele. Anza na zile ambazo wewe peke yako ndiye unayewatambua waliomo. Na nyimbo au mafumbo yanayokujia kwa Kisukuma, yaache kwa Kisukuma, mjukuu ayarekodi kwa sauti yako, maelezo ya Kiswahili yafuate chini. Usimtafsirie njiani, utayapunguza.

Juni haiko mbali. Usingoje daftari lijae. Mpigie simu binti wiki hii, msomee ukurasa wa zile barua za wanajeshi, ukiwa bado haujakamilika hivyohivyo. Maswali atakayokuuliza ndiyo yatakayokuandikia ukurasa wa pili. Na ukishakumbuka nani alinunua stempu, niandikie na mimi.

Shangazi